Kesi ya kwenye simu na kaka yako alokuwa nyumbani: jibu kwa dada wa Wete

Assalaam alaykum. Dada mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia barua ndefu, naifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Kaka yake ana skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti na aamini mambo yasokuwepo, tokea ujana, anakunywa dawa, na miaka hii alikuwa katulia, ana vikazi vyake sokoni, anabeba mizigo, anampangia mtu bidhaa. Halafu ikatoka khabari ya kesi, mtu kashtakiwa kwa kumuua ndugu yake na ikatangazwa kuwa mshtakiwa "ana matatizo ya akili", klipu ikazunguka kwenye magrupu ya Wasap na mavoisi juu yake, na baada ya hapo yule tajiri wake akamwambia apumzike kwanza, majirani wakawa wanawaita watoto ndani akipita, na mume wa huyu dada kasema bora ahamishiwe shamba kwa bibi mpaka watu wasahau. Anauliza: ni kweli wagonjwa wa akili wanaua? Mbona kila tukio baya tunaambiwa alofanya alikuwa na matatizo ya akili? Ni kweli wengi wanajifanya ili wasifungwe? Tumfiche? Na mwisho, mama yao anataka ampeleke kwa mganga, wamzuie au wamwache?

Dada yangu, kwanza usimhamishe. Nalisema hili mwanzo mana najua watu husoma nusu wakaondoka. Ukimpeleka shamba kwa bibi nani atamfatilizia dawa, nani atampeleka kliniki siku yake ikifika, atakuwa anafanya nini kutwa? Mtu alokuwa na kazi na msikiti na barza yake ukimng'oa ghafla ukamweka pahala hana la kufanya, mara nyingi kinachofata ni dawa kuachwa, usingizi kupotea, na maradhi kurudi, halafu hao hao majirani watasema si tuliwaambia. Nimeyaona haya sana kwenye kazi yangu ya udaktari wa maradhi ya akili. Familia inamficha mtu kwa ajili ya kuogopa asije akaumwa mbele za watu, na kule kumficha ndo kunamrejesha kuumwa.

Sasa swali lako la kwanza, na sitokupamba. Watu wengi mno wenye maradhi ya akili hawatompiga mtu hata kofi maisha yao yote. Marekani, ambako wamelipima jambo hili kwa miaka, makadirio yanasema lau ungeliweza kuyaondoa maradhi yote makubwa ya akili kwa siku moja, ukatili katika jamii ungepungua kwa kama asilimia 4 tu, yaani 96 ingebaki palepale, mana inatokana na ulevi, hasira, wivu, umasikini, ugomvi wa mali, vijana kutafutana, mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyaogopa barazani. Lakini ni kweli pia, na daktari atakayekuficha hili hakutendei haki, kuwa mtu mwenye saikosisi, yaani akili imeachana na hali halisi, asiyetibiwa, akichanganya na bangi au pombe au unga, anayesikia sauti zinamuamrisha, na ambaye keshaamini kuwa kuna mtu ndani ya nyumba anataka kumuua, huyo hatari yake inapanda. Na anayedhurika mara nyingi ni wa karibu, mama, kaka, mke, sio mtoto wa jirani anayepita njiani. Basi hizo ndo dalili za kuangalia. Kaka yako anakunywa dawa, hatumii vitu, analala usiku, anakwenda kazini, sasa yupo wapi kwenye picha hii?

Na kuna upande ambao hauingii kwenye klipu, kuwa wagonjwa wetu wanapigwa zaidi kuliko wanavyopiga. Wanaibiwa, wanatupiwa mawe na watoto wa skuli, wanawake wanabakwa na kesi haifiki popote kwa sababu "nani atamsikiliza yule". Wazee wanaikumbuka ile taharuki ya Popobawa, jini lilodaiwa kuwavamia watu usiku, mwaka 1995, ilianza huko huko kwenu Pemba ikavuka ikaja Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi na mapanga mkononi. Katika khofu ile mtu mmoja aliuliwa na kundi la watu mjini Unguja, wakidhani wamemkamata Popobawa mwenyewe. Alikuwa mgonjwa wa akili, kaja kutoka bara kutafuta matibabu. Mimi nikisikia mtu anasema "wagonjwa wa akili hatari" huwa namkumbuka marehemu yule, na namuuliza usiku ule nani alikuwa hatari kwa nani.

Tuje kwenye "mbona kila tukio". Hapa nataka nikae kidogo, mana nadhani ndo khasa kinachokuumiza, na wengi hawajui khabari ya kesi inavyopikwa.

Tukio linatokea. Kabla ya jua kuzama mwandishi keshampigia simu Kamanda wa Polisi wa Mkoa, naye anasema alichoambiwa na askari wake, na askari kaambiwa na jirani au shemeji, kuwa "mtuhumiwa anadaiwa kuwa na matatizo ya akili". Hakuna daktari alomuona bado. Hakuna faili. Pengine ni kweli anaumwa, pengine ni mtu mkali tu ambaye mtaa ulikuwa unamwita chizi toka zamani, pengine kuna ugomvi wa mikarafuu wa miaka na familia haitaki usemwe, kwahiyo "akili" inakuwa jawabu ya kumtosheleza kila mtu. Kesho yake neno "anadaiwa" limeanguka njiani, kichwa cha khabari kinasema mgonjwa wa akili aua. Halafu siku ya kufikishwa mahakamani, anasomewa shtaka, hatakiwi kujibu kitu mana mahakama ile haina uwezo wa kusikiliza kesi ya mauaji, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, kesi inaakhirishwa, anarudishwa rumande. Dakika kumi zimekwisha. Lakini ndo siku ile yenye picha, mtu hana viatu, nywele timtim, macho mekundu kwa kukosa usingizi mahabusu, na kamera zote zipo pale mlangoni.

Baada ya hapo? Kimya. Mahakama itaagiza achunguzwe, atapelekwa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, ripoti itaandikwa, kesi itakwenda Mahakama Kuu, itaakhirishwa tena na tena, na siku daktari anapanda kizimbani kueleza alichokiona, utakuta jaji, mawakili, karani, na ndugu wawili watatu wamekaa nyuma. Mwandishi hayupo. Siwalaumu sana, wengi wao wanalipwa kwa stori, na stori ya daktari kuzungumza saa mbili kuhusu usingizi na dawa nani ataisikiliza, lakini matokeo yake ndo hayo. Pengine ripoti ilisema huyu mtu ni mzima, au ilisema alikuwa mgonjwa na familia ilihangaika miezi kumtafutia tiba ikakosa nauli. Mtaa hautojua. Mtaa umebaki na ile siku ya mwanzo, na sentensi moja ya polisi.

Hebu fikiria mtu ambaye hajapata kupanda boti ya Pemba hata siku moja, anazijua boti kwa khabari ya zile zilozama tu. Zinazoenda na kurudi kila siku hazitangazwi, kwahiyo hazimo kichwani mwake. Shirika la Afya Duniani linasema skizofrenia inampata kama mtu 1 katika kila 300. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773, kwahiyo kwa kipimo hicho, hata ukikipunguza kidogo, tunazungumzia maelfu ya watu, zaidi ya 6,000. Wako wapi? Umepanda nao daladala, umenunua kwao madafu, mmoja pengine kakushonea buibui. Hukuwajua kwa sababu hakuna kilichotokea.

Na hili la khabari kubadilisha nyoyo za watu halikuanza kwetu wala si dhana yangu. Ujerumani mwaka 1990 wanasiasa wawili wakubwa walishambuliwa ndani ya mwaka mmoja, Oskar Lafontaine alichomwa kisu mwezi wa nne, Wolfgang Schäuble alipigwa risasi mwezi wa kumi na akabaki kwenye kigari mpaka mwisho wa maisha yake, na walowashambulia wote walikuwa na maradhi ya akili. Kwa bahati watafiti, Angermeyer na Matschinger, walikuwa wanauliza watu maswali kuhusu skizofrenia kipindi kile kile, maswali ya kawaida tu kama ya mtaani kwako: utakubali awe jirani yako, ufanye naye kazi, aoe kwenye familia yako, umwachie mtoto. Baada ya kila shambulio watu waliorudi nyuma waliongezeka. Khofu ikashuka taratibu, lakini hata baada ya miaka miwili ilikuwa haijarudi pale ilipokuwa mwanzo. Na angalia, hao waloulizwa hawakudhuriwa na mgonjwa yeyote, walitazama televisheni tu. Kwahiyo ule ubaridi unaouona kwa majirani usidhani ni roho mbaya, ni jambo linalojulikana, linakuja na khabari na linapungua polepole, na kinacholipunguza ni watu kuendelea kumuona mgonjwa mwenyewe, wanampa salamu anaitikia, na maisha yanakwenda. Ndo sababu nyengine ya kutomficha.

Sasa wanaojifanya. Hili nikiingia mkahawani siulizwi jengine. "Dokta, si wanajifanya tu hao ili waponyoke?"

Wapo wanaojaribu. Lakini kwanza tuelewe mahakamani kuna maswali mawili na magazeti yanayachanganya kila siku. La kwanza ni la leo: huyu mtu alosimama hapa anaelewa kashtakiwa nini, anaweza kumwambia wakili wake khabari yake? Kama hawezi, kesi inasimama, anatibiwa kwanza, hajasamehewa kitu. La pili ni la siku ile ya tukio: wakati anafanya alichofanya, alikuwa anajua anafanya nini, na anajua kuwa ni kosa? Mtu anaweza kuwa mgonjwa kabisa na jawabu likawa ndio, alijua, na akahukumiwa kama wengine. Kuwa na faili Kidongo Chekundu hakumtoi mtu jela. Na mtu anaweza kuwa mzima kabisa leo baada ya kutibiwa, anazungumza vizuri kizimbani, watu wanasema "si mzima huyu mbona", kumbe swali ni la miezi minane nyuma.

Kujifanya wodini ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwa daktari anakaa saa moja, lakini manesi wanamuona usiku wa manane, wanamuona anavyokula, anavyocheza keram na wenziwe, anavyobadilika ndugu wakija. Anayejifanya huwa anazidisha, anatoa vituko vya kwenye muvi, anataka kila mtu amuone, na akichoka analala vizuri. Mgonjwa wa kweli mara nyingi anafanya kinyume, anaficha, anakataa kuwa anaumwa, anakuambia yeye mzima ninyi ndo hamuelewi.

Na hesabu zenyewe? Marekani waliangalia kesi katika majimbo manane, wakakuta utetezi wa ugonjwa wa akili unatumika katika kama kesi 1 kwa kila 100 za makosa makubwa, na unakubaliwa kama robo ya hizo. Walipoulizwa wananchi wa kawaida, walikisia kuwa unatumika zaidi ya theluthi ya kesi! Wameyatoa wapi? Kwenye kesi chache zilotangazwa mno. Mashuhuri kuliko zote ni ya John Hinckley, alompiga risasi Rais Reagan mwaka 1981, mwaka uliofuata baraza la mahakama likasema hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, nchi ikawaka moto, na 1984 Bunge lao likabana sheria ikawa ngumu zaidi kutumia utetezi huo. Watu wakakumbuka "kaachiwa". Ukweli ni kwamba alifungiwa hospitali mpaka 2016 ndipo akaruhusiwa kuishi na mama yake kwa masharti, na masharti yameondoshwa yote 2022, miaka arubaini baada ya hukumu. Hiyo ndo kuponyoka?

Ndo mana wapo wanaokimbia hata kuitwa wagonjwa. Yule Breivik wa Norway, aloua watu 77 mwaka 2011, madaktari wa mwanzo walisema ana skizofrenia, wa pili wakasema ni mzima, na yeye mwenyewe alipigania kwa nguvu zote ahesabiwe mzima, mana akiitwa mgonjwa siasa zake zote zinakuwa porojo. Mahakama ikamuona mzima, akafungwa. Moja katika kesi mbaya mno za Ulaya katika miaka hii, na mtu alokuwa na akili zake.

Kwenye sheria hasa, kipimo tunachokitumia kilitoka Uingereza 1843, kesi ya Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu wa waziri mkuu akidhani serikali inamfatafata. Alionekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, magazeti yakalalamika, malkia akakasirika, majaji wakaitwa waeleze, na maelezo yale yakaja huku na ukoloni na yamo kwenye sheria za jinai mpaka leo. Huyo M'Naghten hakutoka nje tena, kafia kwenye hospitali ya wahalifu 1865.

Lakini sisi tungelikuwa hatuna haja ya kungoja Waingereza, wallahi. Kila mtu alosoma chuo cha Kurani anaijua ile hadithi ya Mtume, kalamu imenyanyuliwa kwa watatu, yaani hawaandikiwi makosa, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili zimrudie. Na kuna kisa chake kimepokelewa na Abu Daud: mwanamke mwendawazimu aliletwa kwa Sayyidna Umar kwa kosa la zinaa, ikaamuliwa apigwe mawe, Sayyidna Ali akawakuta njiani wanampeleka, akasema mrudisheni, akaenda akamkumbusha Umar hadithi hiyo hiyo, na yule mwanamke akaachiwa. Khalifa mzima alikumbushwa na akarudi nyuma, bila ya ubishi. Leo nikisikia watu barazani, baada ya Isha, wanasema hawa wangenyongwa tu hata wakiwa wagonjwa, huwa najiuliza yale madarasa ya skuli ya Kurani tulikuwa tunasoma tukisinzia au vipi.

Nikutajie na moja ambayo inaonesha sinema yenyewe ilivyoingia kortini. Texas, 2001, mama anayeitwa Andrea Yates aliwazamisha majini watoto wake watano. Alikuwa na saikosisi baada ya kuzaa, keshalazwa mara kadhaa, keshajaribu kujiua. Kesi ya mwanzo akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika ushahidi, mtaalamu wa upande wa mashtaka alisema kuna tamthilia ya televisheni ilionesha mama kama huyo anazamisha watoto akaponyoka kwa kujidai mgonjwa, na yule mama alikuwa anapenda kuitazama tamthilia hiyo. Ikaja kugundulika kipindi hicho hakipo! Hakikutengenezwa kamwe. Hukumu ikatenguliwa 2005, na 2006 akaonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, akapelekwa hospitali. Dada, kama mtaalamu chini ya kiapo anaweza kuchanganya televisheni na maisha, sembuse mwenye grupu la mtaa wenu. Na kwa kina mama wanaosoma: saikosisi ya baada ya kuzaa ipo, inampata kama mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, inakuja wiki za mwanzo, mama halali kabisa, anazungumza mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Usiseme kaingiliwa na jini ukangoja ipite. Siku hiyo hiyo hospitali, na mtoto asibaki naye peke yake.

Kama kuna mwandishi wa redio au wa onlaini TV anasoma, nina maombi machache kwako. Usiandike maradhi ya mtu mpaka yamesemwa mahakamani na mtu mwenye kazi hiyo. Katiba yetu ya 1984 imekataza mtu kutendewa kama mkosa kabla hajathibitika, kwahiyo na neno "muuaji" liweke pembeni. Na siku ya hukumu rudi, hata kama mhariri wako kashaisahau, mana ndo siku pekee ambayo tungejifunza kitu. Uingereza mwaka 2003 gazeti la The Sun lilimfanyia kejeli bondia Frank Bruno alipolazwa hospitali ya akili, kichwa cha khabari kikubwa ukurasa wa mbele, wasomaji wakapiga simu kwa hasira na gazeti likabadilisha kichwa kile siku ile ile kwenye toleo lililofata. Wasomaji wa kawaida tu, sio wakubwa. Kwahiyo na sisi tunaosheya tunaweza.

Turudi nyumbani kwako. Yule tajiri wa kaka nenda kamuone wewe au mzee mmoja anayeheshimika, ana kwa ana, usimtumie voisi. Mwambie kaka kafanya kazi hapa muda wote huu ukimjua, kipi kilichobadilika kwake? Mwambie pia nini cha kufanya akiona kaka hayuko sawa, na umuachie namba yako ya simu, mana watu wengi khofu yao ni "nikipatwa mimi peke yangu nifanye nini". Ukimpa jawabu khofu inapungua zaidi kuliko ukimpa darsa. Kwa majirani hivyo hivyo, yule mwenye watoto wengi ndo umuanze. Kwenye grupu la Wasap usiingie vitani, ukijibu kwa hasira utakuwa wewe ndo khabari ya wiki. Andika mara moja tu, kuwa yule wa kwenye kesi hajahukumiwa, na kuwa wapo watu humu ndani ya grupu wana wagonjwa majumbani na wanasoma. Utashangaa watakaokuandikia pembeni.

Kaka mwenyewe msimfanye kuwa hajui. Anajua. Wagonjwa wetu wanaisoma klipu ile ile, na wengine wanaanza kujiogopa wenyewe, wanauliza "Dokta na mimi ipo siku nitafanya vile?" Kaeni naye, mwambieni mnavyomuona, na mumuulize kama kuna usiku halali. Vitu vya kuangalia ni hivi: akikesha siku mbili tatu mfululizo, akianza kukataa chakula kwa kudhani kimetiwa kitu, akijifungia na kuzungumza na asiyeonekana kuliko kawaida yake, au vidonge vikawa vinabaki kwenye paketi. Mukiona lolote katika hayo nendeni kliniki hapo hospitali hata kama siku yake haijafika. Na wewe umueleze mumeo, kwa upole, kuwa kumuweka kaka karibu ndo usalama wa nyumba.

Na mganga. Msigombane na mama, mana mkigombana atampeleka kwa siri, na kwa siri ndo kunakoharibika mambo. Kisomo na kombe, yaani maji yaloosha aya za Kurani anazokunywa mgonjwa, havina ubaya na vidonge, wagonjwa wangu wengi wanafanya yote mawili na mimi sijawahi kumkataza mtu asisomewe. Mpeleke, lakini muende naye nyinyi, na mumwambie mganga mapema kuwa dawa za hospitali haziachwi. Akisema lazima ziachwe ili ya kwake ifanye kazi, nyanyukeni muondoke. Akitaka kumfunga kamba, kumpiga kumtoa jini, kumnyima chakula na maji, au kumnywesha madawa ya miti mpaka alale kutwa, muondoke pia. Na pesa, msiuze kitu cha nyumbani kwa ajili hiyo, mwambieni mama dawa za kliniki mwezi ujao nazo zitataka nauli.